Kutembea kwa Mwendo wa Mtoto

Ndugu wazazi, walezi na walimu, hamjambo.

Nianze na kinachowakatisha wengi tamaa: umbali. Mtu mzima akitoka kutembea, ana mahali anapokwenda. Mtoto wa miaka miwili hana. Kwake, safari imeshanoga hapo mlangoni. Macho yake yako chini ya mita moja kutoka ardhini, kwa hiyo anaona yale tunayoyaruka sisi. Mkimaliza nusu saa nzima bila kuupita mti wa pili, msihesabu kuwa mmeshindwa kutembea.

Chukueni sisimizi. Mtoto akichuchumaa kutazama msafara wao, msimvute mkono, chuchumaeni naye. Hakikisheni tu kwamba si siafu! Sisimizi wengi hufuata harufu iliyoachwa chini na wenzao. Futeni kipande cha njia yao kwa kijiti, mtawaona wa mbele wakisita, wakihangaika huku na huku, mpaka mmoja avuke na wengine wamfuate. Mtoto wa miaka minne anaweza kuganda hapo kwa muda mrefu. Kuna swali linajengeka kichwani mwake. Nawasihi, msilijibu kabla hajaliuliza.

Hapa ndipo tunapoharibu mara nyingi, tena kwa nia njema. "Hii rangi gani? Yule ndege anaitwaje? Hebu hesabu majani!" Maswali hayo yakirundikana, matembezi yanageuka mtihani. Akiokota jani, nawe okota lako, ulinuse, ulipapase. Akimgusa jongoo kwa kijiti akajikunja, subirini wote wawili mwone atajikunjua lini. Jina la jongoo litakuja tu.

Faida kwa mwili zipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kila siku, kidogo kidogo kutwa nzima. Halafu kuna macho: mwanga wa mchana nje ni mkali mara nyingi kuliko wa ndani, na watafiti wameona kuwa watoto wanaokaa nje zaidi hawapati sana tatizo la kutoona vya mbali.

Makatazo yawe machache, lakini yasiyobadilika. Hakuna kitu cha porini kinachoingia mdomoni, liwe tunda au uyoga. Mkono hauingii shimoni. Penye maji, mtoto awe mahali unapoweza kumdaka bila kupiga hatua. Radi ikisikika, ondokeni chini ya miti mwingie ndani ya nyumba au gari.

La mwisho ni kurudi. Geuzeni njia akiwa bado anacheka, kwa sababu mtoto hawezi kujiwekea akiba ya nguvu. Akichoka kabisa mkiwa mbali, mtambeba, na maji yawe bado yamo kwenye chupa.

Karibuni kwa maswali.