Tuisheni Bila Kalamu Nyekundu

MAMA MAPACHA: Mbukwenyi! Karibuni tena barazani, kipindi cha wazazi na wanafunzi kutoka hapa Dodoma. Mimi Mama Mapacha, na upande wa pili wa meza yupo Mwalimu.

MWALIMU: Mbukwa, Mama. Mbukwenyi nyote mnaotusikiliza.

MAMA MAPACHA: Leo tunarekodia sebuleni kwangu, Nkuhungu, kwa hiyo mkisikia jogoo wa jirani msishangae. Halafu Mwalimu, nakuomba ucheke taratibu. Kulwa yuko hapo meza ya chakula anafanya pasti pepa ya Advansi, ile hisabati ya kidato cha tano na sita.

MWALIMU: Karatasi ya kwanza au ya pili?

MAMA MAPACHA: Ya kwanza. Simu yangu ipo juu ya kabati, nimeweka alamu. Ikilia, kalamu chini. Doto yeye ana mazoezi ya kwaya, mtu wa HKL huyo, History, Kiswahili na Kiingereza, zamu yake kesho.

MWALIMU: Umekuwa msimamizi wa mtihani.

MAMA MAPACHA: Nimelazimika. Ngoja nisome ujumbe uliotufanya tuchague mada ya leo. Baba mmoja wa Kongwa anaandika: "Mwanangu yuko kidato cha sita. Nimemlipia tuisheni sehemu tatu tofauti, hata likizo hakupumzika. Mtihani wa utamilifu, yaani mock, umerudi, alama ni zilezile za kidato cha tano. Nimekosea wapi?" Mwalimu, mimi huyu baba ningemkumbatia. Maana ada ya kidato cha tano na sita shule za serikali ilifutwa 2022, tukashangilia. Hela yenyewe haikukaa mfukoni hata wiki, ikahamia tuisheni. Na mimi ninao wawili!

MWALIMU: Pole, Mama. Na pole baba wa Kongwa. Nitamjibu kwa kuanza kujisema mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa napiga pindi, yaani nafundisha tuisheni, kwenye kituo kimoja hapa mjini. Ukumbi umejaa, wengine wamekaa madirishani, wengine wamesimama nje wananukuu kupitia nondo za dirisha. Naingia na chaki tu, sina kitabu. Nashusha topiki nzima ya Kemia kichwani, utani humohumo, watoto wanapiga meza. Nikitoka najiona mwanamuziki.

MAMA MAPACHA: Nawajua hao. Doto anarudi nyumbani anakuigizia mwalimu mpaka anavyotembea.

MWALIMU: Enhe. Sasa siku moja nikawapa swali moja tu, la topiki niliyofundisha wiki iliyopita, na walipiga makofi siku hiyo. Nikakusanya karatasi. Nilisahihisha mpaka usiku wa manane, nikaona aibu. Walikuwa wanakumbuka utani wangu. Swali liliwashinda.

MAMA MAPACHA: Loh.

MWALIMU: Tangu hapo mzazi akiniuliza tuisheni gani ni nzuri, nami namuuliza: mara ya mwisho mwanao kusahihishiwa ni lini? Sisemi kufundishwa. Kusahihishiwa.

MAMA MAPACHA: Uliponiuliza mimi nilikwenda kuvuta kaunta buku za Kulwa. Tano, zile nene za kwaya nne. Mwandiko wa kupendeza! Vichwa vya habari kwa bluu, vimepigiwa mstari kwa rula, michoro imekolezwa kwa penseli. Nikafunua ya kwanza hadi ya mwisho, natafuta wino mwekundu. Hakuna. Hata vyema moja. Hata kosa moja. Yaani miezi yote ile nilikuwa nalipia uandishi wa madaftari.

MWALIMU: Na mtoto mwenyewe hana kosa. Yeye anaona amepiga msuli. Mkono unauma, daftari limejaa, kwa nini asiamini kwamba anajua?

MAMA MAPACHA: Lakini Mwalimu, nikutetee kidogo ninyi walimu. Muda ni mchache. Kidato cha tano wanaripoti Julai, mtihani wa taifa ni Mei ya mwaka unaomaliza. Miaka miwili kwa jina tu. Toa likizo, toa wiki za kuripoti kwa kuchelewa, mwalimu wa darasani atafundisha saa ngapi na kusahihisha saa ngapi?

MWALIMU: Ni kweli, na ndiyo maana siipingi tuisheni. Shule ikiwa haina mwalimu wa Fizikia, utampeleka wapi mtoto? Ila nasema hivi: pindi la kufundisha topiki ambayo haikuguswa kabisa, lipia. Topiki ambayo tayari ameinukuu mara mbili, usimlipie akainukuu mara ya tatu. Hapo mtafutie mtu wa kumsahihisha. Na Dodoma hatuna shida ya watu. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007, kile cha Mtakatifu Yohana kipo, vijana wanaosomea ualimu wa sayansi wamejaa mitaani. Kijana wa mwaka wa tatu anayeshuka kutoka Chimwaga, kule chuoni, mpe karatasi kumi za wanafunzi na kalamu nyekundu, mlipe kwa kazi hiyo. Hahitaji hata ubao.

MAMA MAPACHA: Atajuaje alama zinavyogawanywa? Isije ikawa anatoa kwa huruma.

MWALIMU: Swali zuri hilo. Baraza la Mitihani huwa linatoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Kila somo na ya kwake. Zimewekwa kwenye tovuti yao, bure, unazipakua kwenye simu. Humo wanachukua swali moja moja, wanaeleza lilitaka nini, waliopata walifanyaje, waliokosa walikosea wapi. Na wanabandika picha ya jibu lenyewe, mwandiko wa mtahiniwa, zuri moja na baya moja.

MAMA MAPACHA: Picha kabisa?

MWALIMU: Picha. Unaona mtoto wa watu alivyoandika kurasa mbili na hakuambulia kitu. Nimeona wanafunzi wanaobeba pasti pepa za miaka kumi lakini taarifa hizi hawajawahi kuzifungua. Nikiwaonyesha lile jibu baya, ukumbi unanyamaza. Mmoja atasema, "Mwalimu, hata mimi ningeandika hivyohivyo." Hapo ndipo nafurahi.

MAMA MAPACHA: Doto ndiye aliyenyamaza kwangu. History yake. Swali linamtaka apime sababu ipi ilikuwa na uzito kuliko nyingine, yeye kaorodhesha sababu sita, zote sahihi, akafunga. Ukamchorea duara kwenye lile neno la amri.

MWALIMU: Swali linasema pima, yeye anataja. Hilo ni la kila siku. Na chini yake kuna lugha. Mtoto wa HKL karatasi yake ya Kiswahili anaijibu kwa Kiswahili, inateleza. Nyingine zote ni Kiingereza. Waweke kwenye diskasheni chini ya mwembe, watakueleza mambo mpaka udhani ni wahadhiri, kwa Kiswahili. Ikifika kwenye karatasi, kalamu imekauka.

MAMA MAPACHA: Sasa wakataze Kiswahili?

MWALIMU: La hasha! Wabishane kwa Kiswahili mpaka waelewe. Lakini usiku uleule, kabla hawajalala, kila mmoja aandike jibu moja kwa Kiingereza, aya tatu nne, lipelekwe kwa msahihishaji. Wakiishia kwenye kubishana tu, watakuwa wameelewa somo na kufeli mtihani.

MAMA MAPACHA: Tugeukie hesabu ya kuingia chuo, maana wazazi tunadanganyana sana. Jirani yangu hapa mwaka jana alichinja kuku watatu, mtoto kapata divisheni three. Baadaye dirisha la maombi linafunguliwa, mtoto hapati shahada.

MWALIMU: Ndiyo mtego huo. Sikilizeni, chukueni karatasi. Baraza linapopanga divisheni, A ni pointi 1, B ni 2, inashuka hivyo mpaka E ni 5. Kwa hiyo E tatu ni pointi 15, na 15 ipo ndani ya divisheni three. Umefaulu, hongera. Sasa njoo Tume ya Vyuo Vikuu. Kule pointi zinageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Na kima cha chini cha kuingia shahada moja kwa moja ni pointi 4 kutoka masomo mawili yanayotakiwa na kozi unayoomba. Mwenye E tatu, masomo yake mawili yana pointi ngapi?

MAMA MAPACHA: Mbili. Jamani, kuku watatu!

MWALIMU: Mbili. Lakini mwenye D mbili anazo nne. Mwenye C moja na E moja anazo nne. Na D ni alama 50, E ni 40. Alama kumi kwa somo, masomo mawili, ndiyo tofauti ya kuingia na kubaki nje. Na hicho ni kizingiti tu, kozi zinazogombewa huwa zinataka zaidi.

MAMA MAPACHA: Huyo mtoto wa jirani yupo kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria sasa hivi, anaendelea vizuri. Mlango mwingine upo, ni mzunguko tu. Alama kumi, kumbe! Hizo zinapotelea wapi?

MWALIMU: Nyingi kwenye saa. Hiyo karatasi anayofanya Kulwa ina maswali kumi, yote lazima, kila moja alama kumi. Dakika 180 gawa kwa kumi.

MAMA MAPACHA: Kumi na nane.

MWALIMU: Kumi na nane kila swali. Tuisheni inamfundisha kulimaliza swali, hata kama ni nusu saa, kwa sababu mwalimu ubaoni hasimamiwi na mtu. Na swali la kwanza la karatasi hiyo ni la kalkuleta tu. Za bure, tunaziita. Ila...

MAMA MAPACHA: Usiseme. Mwanangu ameshazikosa.

MWALIMU: Nimwambie au nisimwambie?

MAMA MAPACHA: Sema tu, anasikia, atajua mwenyewe.

MWALIMU: Jumamosi iliyopita kaniletea jibu, 0.0349. Nikatazama swali, sine ya 2, na pembe ipo kwenye radiani. Jibu ni 0.9093. Nikamwambia niletee hiyo kalkuleta. Juu ya kioo, kona kule, kuna kiherufi kidogo, D. Imekaa kwenye digrii. Tukamuuliza tangu lini. Hajui! Pengine tangu kidato cha nne. Alikuwa anapata njia zote na kukosa majibu yote, anadhani hesabu imemchukia.

MAMA MAPACHA: Na pindi zote alizokwenda hakuna aliyegusa ile kalkuleta.

MWALIMU: Nani ataigusa, watu mia ukumbini?

MAMA MAPACHA: Kuna ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana wa mtaa wa Kisasa, hapahapa Dodoma. Yeye anataka kusoma Marekani, anauliza kama maandalizi ya kidato cha sita yanamtosha kwa SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya kule.

MWALIMU: Yanamsaidia kwenye hisabati, lakini ni mchezo mwingine. SAT unafanyika kwenye kompyuta, kwa programu inaitwa Bluebook. Maswali 98, masaa mawili na dakika 14, sehemu mbili: kusoma na kuandika, halafu hisabati. Alama zinaanzia 400 mpaka 1600. Kila sehemu imegawanywa vipande viwili, na ugumu wa kipande cha pili unategemea ulivyofanya cha kwanza. Mengi ni ya kuchagua. Kwetu huku unaandika insha, unaonyesha njia. Mtu aliyezoea kueleza taratibu kwa kurasa mbili, kule atashangaa muda wa swali, dakika moja na kidogo tu, umekwisha. Na ukikosa hukatwi alama, kwa hiyo usiache wazi.

MAMA MAPACHA: Anahitaji tuisheni ya hela nyingi?

MWALIMU: Aanze na Bluebook yenyewe, ina majaribio kamili ya bure, na Khan Academy wana masomo yake, bure pia. Kinachomsumbua kijana wa hapa ni bando na kompyuta. Ila asiuweke SAT ndani ya miezi ya Aprili na Mei, ataunguza vyungu viwili kwa jiko moja. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na vijana wengine muda huo wako JKT, Makutupora kule, hata simu hawana. Apange mapema.

MAMA MAPACHA: Baba wa Kongwa tumjibu moja kwa moja sasa. Zile sehemu tatu, afute zote?

MWALIMU: Abakize moja, ile ya topiki ambazo shule haikufundisha. Hela ya zile mbili atafute msahihishaji. Kundi la watoto sita, wanane, wasizidi. Swali moja, dakika 18, karatasi zinakusanywa, zinasahihishwa, halafu...

(Alamu inalia.)

MAMA MAPACHA: Kulwa! Kalamu chini! Lete hapa mama.

MWALIMU: Usimguse mtihani wake kabla yangu.

MAMA MAPACHA: Nachungulia tu. La kwanza umefanya. La pili kurasa tatu nzima! La tisa... la kumi... Kulwa, mbona huku kweupe?

KULWA: Shikamoo Mwalimu. La pili lilikuwa zuri, nikasema nilimalize kwanza.

MWALIMU: Marahaba. Kalkuleta ilikuwa kwenye nini leo?

KULWA: R.

MWALIMU: Haya, kaa hapa. Mama, ile kalamu nyekundu umeiweka wapi?