Ubao wa getini na daftari la zahanati

Jamani asanteni, jua la saa nane na bado hamjasinzia, Mungu awabariki. Mimi si mtu wa slaidi, leo tutaongea tu jinsi namba za ajali migodini zinavyodanganya, chaki inatosha.

Nianzie getini. Mgodi mmoja niliofanyia kazi ya sefti, yaani usalama kazini, siutaji maana wengine bado wanakula pale, ulikuwa na ubao mkubwa wa kijani umeandikwa SIKU 412 BILA AJALI YA KUPOTEZA MUDA, yaani ajali inayomfanya mtu akose kazi, na mwezi ukipita safi kila mfanyakazi anapewa mchele kilo 10 na mafuta lita 5. Mwenye kubadilisha ile namba ndo mimi. Sasa siku moja fundi akabanwa kidole na mnyororo wa kunyanyulia mzigo, mfupa ukavunjika, zahanati wakamfunga plasta. Mnadhani alipumzika nyumbani? Asubuhi gari likamfuata mlangoni kwake, akaletwa ofisini kwangu akapewa kiti na mafaili ya kupanga, siku 3 nzima mtu anapanga mafaili kwa mkono mmoja ili isihesabike kwamba kakosa kazi. Akaniambia, kaka, wenzangu wamenipigia simu jana, hakuna aliyeuliza kidole, wameuliza mchele. Na mimi nilienda getini nikaandika 413.

Ndo nataka tuongelee hiyo. Mgodi ukiwekewa tageti, yaani lengo, ya namba ya ajali halafu bonasi ikafungwa humo, watu watapunguza namba, na njia ya mkato kuliko zote ya kupunguza namba ni kutoandika.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua mgodi wa watu 1,500, kila mtu saa kama 2,000 kwa mwaka, hiyo ni saa milioni 3. Ajali za kupoteza muda zikiwa 3, ukipigia kwa kila saa milioni 1 unapata 1.0, Wamarekani wao wanapigia kwa saa 200,000 kwa hiyo mgodi uleule unatoka na 0.2, kwa hiyo mtu akikuletea ripoti inang'aa muulize kwanza kagawanya kwa ngapi. Halafu ficha kidole kimoja tu, 1.0 inashuka mpaka 0.67, bosi anapiga makofi, kumbe ajali 3 na ajali 2 ni tofauti ambayo hata bahati tu inaweza kuileta.

Msidhani ni mambo ya kwetu tu. Upper Big Branch, West Virginia, Marekani, mgodi wa makaa wa Massey Energy, tarehe 5 Aprili 2010 ulilipuka ukaua watu 29. Wachunguzi wa serikali wakakuta hatari zilikuwa zinaandikwa kwenye daftari la ndani la uzalishaji, wakati daftari rasmi analosoma mkaguzi halina kitu, na mkaguzi akifika getini walio chini wanapigiwa simu kwamba wageni wameingia. Madaftari mawili, mgodi mmoja.

Kingine, vidole na mabwawa havina undugu. Unaweza ukamaliza mwaka bila mtu kujikwaa na bwawa lako la tope, lile la mabaki ya mtambo, linakaribia kupasuka. Brumadinho kule Brazili, Januari 25, 2019, bwawa la kampuni ya madini ya Vale lilikuwa na cheti cha uimara cha miezi michache tu nyuma, kantini na ofisi zimejengwa chini yake kabisa, saa sita na nusu hivi mchana likaachia, watu 270 wakafa, na ving'ora havikulia. Cheti kipo, king'ora kipo, tageti imetiki. Na hapa kwetu, mgodi wa almasi wa Mwadui, tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa ulibomoka, tope likaenda mpaka kwenye mashamba na nyumba za watu, tukashukuru tu halikuua mtu.

Mazingira nayo yana ujanja wake, unaitwa wastani. Bwawa la wazi lenye sayanaidi, ile sumu ya kuchenjulia dhahabu, kanuni ya kimataifa ya wachimba dhahabu inataka isizidi miligramu 50 kwa lita ndege wasife. Siku 27 umepima 20, siku 3 mtambo umeharibika ukapima 120. Wastani wa mwezi? 30. Ripoti safi kabisa, ila ndege hawanywi wastani.

Sasa tupime nini? Pima kazi iliyofanyika kabla ya balaa. Breki za dampa, lori la kubebea mawe, zilitakiwa kukaguliwa lini na zimekaguliwa lini, maji ndani ya ukuta wa bwawa yamepanda kiasi gani, king'ora kilipigwa lini na wanakijiji walikimbilia wapi. Nusura ajali, yaani tukio lililokaribia kuumiza mtu, nazo pimeni ila kwa akili, sisi tuliwekewa tageti ya ripoti 2 kwa kila mtu kwa mwezi, basi Ijumaa ya mwisho zinamiminika ripoti za maganda ya ndizi kwenye ngazi, nikajiuliza huu mgodi una migomba mingapi. Usihesabu ngapi zimeandikwa, okota moja uende mwenyewe ukaangalie kama imerekebishwa.

Eeh, kijana pale nyuma? Anauliza, mzee, na bosi akikataa kubadilisha tageti? Usianze na bosi. Anza na zahanati, omba daftari la mwaka jana, majina yafunike, hesabu tu vidole vilivyoshonwa, macho yaliyooshwa, migongo, halafu lilaze sambamba na daftari lako la sefti. Mimi nilifanya hivyo nimechelewa sana, la zahanati lilikuwa limejaa mpaka jalada la nyuma, langu lilikuwa na mistari minne. Hayo mawili ndo uyapeleke mezani kwake, huna haja ya kusema sana.

Haya, yule dada mwenye kofia ya njano.