Miale Miwili kwa Mpigo

Assalaam aleikum wazee wangu, walimu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma.

Ngomeni si mbali na hapa Malindi. Novemba 1972, kwenye jukwaa la Waitaliano baharini, ilirushwa SAS-2, satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya gama, yaani mwanga usioonekana wenye nishati kubwa mno. Ilifunikwa kuba la kunasa chembe zenye chaji. Kuba lilipoitika pamoja na kitambuzi cha ndani, tukio hilo lilitupwa, maana lililopita ni chembe, si mwale wa gama. Mimi leo nasema kinyume chake: vitambuzi viwili vikiitika pamoja, hilo ndilo tunaloshika.

Chukueni mchanga wa pwani wenye madini mazito. Aghalabu huwa na thoriamu kidogo, metali yenye mionzi. Kitambuzi kimoja kitahesabu kila kitu, hata miale ya potasiamu-40, potasiamu yenye mionzi, iliyomo kutani na mwilini mwetu sisi tulioketi hapa, na thoriamu itazama humo. Lakini thoriamu ikioza huzaa ukoo wa atomi nyingine, na humo yumo thaliamu-208. Ikioza, mara nyingi hutoa mwale wa keV 583 (keV ni kipimo cha nishati ya mwale), na papo hapo mwingine wa keV 2614. Potasiamu-40 hutoa mmoja tu, wa keV 1461. Basi weka vitambuzi viwili, mchanga katikati, uandike pale tu vyote vinapoitika ndani ya nanosekunde 100, nanosekunde ikiwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Tupige hesabu. Tuseme kila kimoja kinapata mapigo 100 kwa sekunde yasiyohusiana. Yatakayokutana kwa bahati ni mara mbili ya muda ule, mara 100, mara 100: pigo moja kwa dakika nane hivi!

Gharama yake ni subira. Kitambuzi kikinasa mwale 1 katika 10, jozi utaipata 1 katika 100, kwa hiyo sampuli dhaifu hukaa siku kadhaa. Na seziamu-137, inayotisha watu tangu Chernobyl, hutoa mwale mmoja wa keV 662. Kwake mbinu hii haifai kitu. Seziamu-134 ndiyo yenye jozi, keV 605 na 796. Nusu-uhai wake, muda wa nusu yake kuoza, ni miaka 2 tu; ya zamani ilikwishapungua mno, kwa hiyo jodari walionaswa California mwaka 2011 wakiwa nayo walijulikana wamepita maji ya Japani baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima.

Kuna aliyeniuliza mlangoni kama lazima tununue kitambuzi cha jemaniamu, kinachopozwa kwa nitrojeni ya nyuzi -196. Kwa mchanga, sioni haja. Kitambuzi cha bei nafuu cha iodidi ya sodiamu hakitenganishi nishati vizuri, ndiyo, ila hapa kazi kubwa inafanywa na saa, inayopima kama vyote viwili vimeitika pamoja.