Rozela inavyomsema samaki: karatasi ya kupima unayotengeneza jikoni kwako

Mbukwenyi wapendwa! Karibuni tena barazani kwangu hapa Ilazo, Dodoma. Wanaonifahamu wanajua nauza rozela kavu, wengine mnaiita choya, ya juisi na ya chai. Leo hatunywi. Leo tunaitengenezea karatasi ya kupima, ile ambayo ukiigusisha ndimu inageuka hivi, ukiigusisha magadi inageuka vile, na mwisho tutaifungia ndani ya chupa pamoja na kipande cha perege wa Mtera tuone inavyobadilika samaki anapoanza kuharibika. Hii video nimeitamani wiki nzima.

Vitu ni vichache. Rozela kavu kiganja kimoja, kwenye mizani yangu imekuja gramu 20. Maji mililita 250. Bekingi soda kijiko kimoja cha chai, na hakitakwisha. Karatasi nyeupe za kuchujia kahawa. Bakuli la kauri, chujio, sahani nyeupe, chupa tatu za jemu na vifuniko vyake. Mkasi mnao.

Hapo kwenye karatasi msinirukie. Karatasi ya fotokopi haifai. Nyingi za siku hizi zinatiwa unga wa chokaa kiwandani ziwe nyeupe na laini, na chokaa hiyo inaanza kupigana na rozela kabla hujapima kitu. Unachovya kwenye maji mekundu, ikikauka ina rangi ya majivu, unabaki unajiuliza umekosea wapi. Ukikosa za kahawa, chukua pamba ya dukani isiyo na manukato.

Haya, rozela yenyewe. Neema, sogeza simu, karibu zaidi, hapo. Mnaona hiki? Watu wanasema ua, lakini ua lilishaanguka zamani. Hiki ni kile kikombe kinachobaki kulishika tunda. Nataka jekundu la kuiva, linaloelekea weusi. Vunja ncha yake: ikikatika kwa mlio, imekauka vizuri. Ikijikunja kama ngozi, ina unyevu. Na kama imepauka mgongoni, ilianikwa juani, rangi imeshaliwa. Rangi hiyo inaitwa anthosianini, ukoo mmoja na iliyo kwenye ganda la zabibu zetu nyeusi, la bilinganya na la kitunguu chekundu. Mimi mzigo wangu naanika kivulini, na ndiyo sababu wateja hawaniachi.

Maji. Hapa Dodoma lazima tuongee kuhusu maji. Mji huu umekunywa kwa miaka mingi kutoka visima vya Makutupora, na mitaani tuna visima vyetu vingine. Maji ya chini ya ardhi yamepita kwenye miamba, yamebeba bikaboneti, yaleyale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Tazameni glasi hizi mbili. Rozela ileile, kipimo kilekile. Ya kushoto nimetia maji ya mvua niliyoyatunza kwenye ndoo, ya kulia maji ya kisima cha jirani. Ya kushoto inang'aa, ya kulia imepooza kama chai iliyolala. Tumia ya mvua, au ya chupa ya dukani.

Chemsha maji, epua, yaache yapoe kidogo, mimina juu ya rozela kwenye bakuli, funika nusu saa. Usiichemshie rozela jikoni, moto mwingi unaivunja rangi. Na usitumie sufuria ya alumini. Asidi ya rozela inaila alumini, kisha alumini inaikamata rangi na kuivuta kwenye zambarau, nawe utadhani umepata majibu.

Wakati inakaa, niwape kisa kimoja. Mwaka 1664 Robert Boyle, mwanasayansi mzaliwa wa Ireland, aliandika kwamba sharubati ya maua ya vayoleti inageuka nyekundu ikitiwa asidi na kijani ikitiwa alkali, yaani kinyume cha asidi, kama magadi. Hiyo ndiyo kazi tunayoifanya hapa barazani. Namba za pH, zile zinazoonyesha kitu kina asidi au alkali kiasi gani, zilikuja baadaye sana, mwaka 1909, na aliyezileta, Søren Sørensen, alikuwa maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg, Copenhagen. Napenda sana habari hiyo. Kipimo kinachotumika kwenye kila maabara ya dunia kimetoka nyumba ya bia. Chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali. Maji haya ya rozela yapo karibu 2.5, jirani kabisa na ndimu.

Imetosha. Chuja, kamua kidogo, makapi weka pembeni, na maji mekundu kidogo weka akiba.

Sasa acheni kila mnachofanya, sikilizeni. Hapa ndipo nilipoharibu mara mbili.

Mara ya kwanza nilichovya karatasi kwenye maji haya mekundu moja kwa moja, nikakausha, nikafungia na samaki. Kesho yake samaki ananuka mpaka nje ya mlango, karatasi nyekundu vilevile. Nikadhani rozela ni mbovu. Kumbe rozela ina asidi nyingi mno. Samaki akianza kuoza, bakteria wanatoa amonia na ndugu zake, hizo ni alkali, zinapanda na hewa. Zikifika kwenye karatasi zinakutana na asidi ya rozela, asidi inazimeza zote. Rangi haipati habari yoyote mpaka asidi iishe. Kwa hiyo inabidi sisi wenyewe tuipunguze hiyo asidi, karibu yote, tuiache rangi imesimama ukingoni, ikiguswa kidogo tu inageuka.

Mara ya pili nikaenda na pupa. Kijiko kizima cha bekingi soda, pwaa! Povu likapanda likamwagika mezani. Nimeshika kitambaa nafuta, nainua macho, bakuli limekuwa kijani, baadaye likaelekea kahawia. Nikakamulia ndimu ili irudi. Ilirudi nusu, chafu, imechoka. Ukiikalisha kwenye alkali, molekuli ya rangi inafunguka na kuvunjika, na iliyovunjika hairudi. Kwa hiyo taratibu. Taratibu kabisa.

Fanya hivi. Kijiko kile cha soda koroga kwenye nusu kikombe cha maji. Sasa chukua maji hayo ya soda, kijiko kimoja cha chai, tia kwenye rozela. Koroga. Sikieni... shhh... povu hilo ni hewa ya ukaa inatoka. Subiri litulie. Kijiko cha pili. Subiri. Usiongeze juu ya povu! Povu likiwepo bado kazi inaendelea, hujui umefika wapi. Cha tatu. Vijiko vya mwanzo utaona kama havifanyi kitu, hapo ndipo mtu anakata tamaa anamwaga vyote. Usimwage.

Kila kijiko, dondosha tone moja kwenye sahani nyeupe uangalie. Tone, si bakuli, maana bakuli lina kina na linadanganya. Angalieni mstari wangu wa matone: jekundu, jekundu, waridi, waridi hafifu... hapa rangi inapauka kama inataka kupotea. Msishtuke, haijafa, inapita mlangoni tu. Ndiyo tabia ya anthosianini, kati ya wekundu na zambarau kuna sehemu inafifia. Kuanzia hapa acha kijiko, tumia matone. Tone, koroga. Tone, koroga.

Neema, mbona kwenye simu inaonekana bluu? Ngoja. Wapendwa, kwenye kioo mnaona bluu lakini mezani si bluu. Simu inajirekebisha kwa kuangalia kitambaa cha njano hapo nyuma. Ondoa kitambaa. Weka sahani nyeupe yote ndani ya picha... ehee, sasa inasema kweli. Ni zambarau iliyofifia, kama maji uliyosuuzia jagi la juisi ya zabibu nyeusi. Hapo. Simama hapo! Mimi leo nimetumia vijiko kumi na viwili na matone sita, rozela yako inaweza kutaka zaidi au pungufu, fuata rangi, usifuate hesabu yangu. Ukiona ukijivu wa bluu umezidisha kidogo, tone moja la rozela nyekundu uliyoweka akiba litairudisha, ukiwahi. Ukiona kijani, mwaga, anza upya.

Na sasa haraka, maana ikishafika hapa haikai. Chovya vipande vya upana wa kidole, sekunde kumi, vining'inize kivulini kwa vibanio vya nguo. Hewa ya Dodoma ni kavu, dakika ishirini tu... jamani upepo! Shika kamba! Viwili vimeanguka. Hivyo usiviokote, vumbi letu lenyewe linaweza kubadilisha rangi. Ingiza kamba ndani. Mwezi wa saba na wa nane usijaribu kukausha nje kabisa.

Vimekauka. Kimoja kwenye ndimu: waridi kali, papo hapo. Kimoja kwenye maji ya magadi, yale tunayotia kwenye mlenda: kijani. Maji ya sabuni ya kufulia: bluu ya kijani. Watoto wa sekondari wanaweza kushinda na mchezo huu mchana kutwa, na waacheni washinde nao.

Sasa samaki. Perege huyu nimemnunua asubuhi, macho maangavu, mashavu mekundu. Kipande cha vidole viwili kwenye chupa ya kwanza, itakaa mezani. Kingine kama hicho chupa ya pili, itaingia kwenye friji. Chupa ya tatu haina samaki, ina pamba yenye maji tu. Mtu ataniuliza hiyo ya nini. Bila hiyo hujui kama karatasi imegeuka kwa sababu ya samaki au imechoka yenyewe. Bandika karatasi chini ya kifuniko kwa selotepu, dondoshea tone moja la maji safi, kwa sababu amonia inafanya kazi ikiyeyuka kwenye maji. Karatasi isimguse samaki. Funga.

Na hili si jambo la barazani kwangu peke yangu. Mwaka 2017 watafiti wa China walichapisha kazi yao ya utando mwembamba wa wanga uliochanganywa na rangi ya rozela hii hii, wakaupima na samaki wa maji baridi kwenye baridi ya friji. Wengine wanatumia kitosani, inayotokana na maganda ya kamba wa baharini, wengine rangi ya kabichi nyekundu. Wanachotafuta ni pakiti ya samaki au nyama itakayomwambia mnunuzi yenyewe. Shida wanazopambana nazo ni zilezile mlizoziona hapa: rangi inapauka kwa mwanga na joto, na macho ya watu hayaoni rangi sawa. Ndiyo maana wengi wanaisomesha simu kupima rangi hiyo, na simu nayo inahitaji sahani yake nyeupe.

Lakini mama zangu, sikilizeni vizuri. Karatasi hii isikufanye umpe mtoto samaki unayemtilia shaka. Inasema habari ya amonia na jamaa zake zinazopanda na hewa. Haisemi habari ya vijidudu vingine wala dawa aliyomwagiwa samaki. Vibua na jodari waliokaa kwenye joto wanatengeneza histamini, kitu kinachomdhuru mlaji, na hiyo haipandi na hewa, karatasi haiioni, na hata ukipika haiondoki. Macho, pua, vidole, na muuzaji unayemwamini vinatangulia.

Saa kumi jioni. Chupa ya mezani, angalieni ukingo wa karatasi, umeanza ukijivu. Ya friji bado. Ya maji bado. Nalala.

Habari za asubuhi. Sijafungua, nimewasubiri. Ya maji: zambarau ileile ya jana. Ya friji: zambarau, labda imepoa kidogo pembeni, sitawadanganya, ni kidogo sana. Ya mezani... Neema, weka sahani nyeupe nyuma yake. Kijani! Kijani kuanzia ukingoni mpaka katikati, na hapo chini ya tone imeingia unjano.

Karatasi zilizobaki ziweke kwenye kopo lenye giza, mbali na sabuni, na uzitumie mapema. Mwenye kutaka rozela ya kivulini anajua nilipo, na wa mbali niandikieni hapo chini. Samaki wa chupa ya mezani hapewi paka, anafukiwa chini ya mpapai. Neema, fungua mlango wa nyuma kwanza, ndipo nifungue kifuniko.