Gari Linachemshaje Kwenye Barafu?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Walionisikiliza mara ya mwisho wanajua nitaanzia wapi, na naona wawili watatu wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitaanzia pale pale, maana bado watu wananiletea gari asubuhi ya baridi wakiwa na themostati mpya mkononi, kile kilango kinachoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta yakishapata moto. Wameshainunua, ndiyo kwanza wananiuliza ugonjwa ni nini.

Mshale wa joto kwenye dashibodi haupimi injini. Unafuata ncha ya sensa, kidude kisichozidi kidole, na ncha hiyo inajua kile kinachoigusa tu. Ikiguswa na maji ya moto, mshale unapanda. Maji yakiwa yamepungua, ikabaki kwenye hewa, mshale unaweza kulala kabisa huku silinda hedi, kile kichwa cha injini, inaungua.

Nimekuja na sensa moja. Nimeifunga kwenye mita inayopima ukinzani wa umeme kwa omu, na glasi hii ina maji yenye barafu. Naitumbukiza... iacheni itulie... haya, karibu omu 6,000. Sasa kikombe hiki, maji yake yametoka jikoni sasa hivi. Inashuka, inashuka, imepita 300, inaikaribia 200. Joto likipanda, ukinzani unapungua. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri sensa hii hii inapita omu 15,000. Je, waya ukikatika? Umeme haupiti kabisa, na kompyuta ya gari inaelewa kwamba hiyo ni baridi kuliko baridi zote. Kwa hiyo fundi akiunganisha mashine yake akasomewa nyuzi 40 chini ya sifuri, asichungulie dirishani. Achungulie plagi ya sensa.

Sasa kisa changu. Wanaokijua wanivumilie.

Asubuhi moja, kila kitu kimeganda, mtu akanipigia simu: fundi, gari limechemsha. Nikamwambia, kaka, kwa baridi hii? Akasema mshale uko kwenye nyekundu na hata kilomita tano hajafika. Mimi, kwa kiburi cha miaka mingi kazini, nikamjibu pale pale kwenye simu: themostati imekwama, haifunguki, kanunue nyingine. Naam, wa kwanza kutumwa themostati alitumwa na mimi.

Nilipofika alikuwa nayo mfukoni. Boneti iko wazi, mvuke unatoka. Nikagusa mpira wa juu wa rejeta, nikaondoa mkono haraka, unaunguza. Nikagusa wa chini: baridi kama chuma kilicholala nje. Nikauminya. Ukalia kru-kru, kama umekanyaga changarawe. Ndani mlikuwa na barafu iliyosagika.

Nikamuuliza, maji yakipungua ulikuwa unaongeza nini? Akasema, maji tu, kidogo kidogo, tangu kipindi cha joto. Ndipo nikaiangalia ile themostati mfukoni mwake, nikanyamaza.

Angalieni kilichotokea. Kulanti, ile dawa inayozuia maji ya rejeta kuganda, ilikuwa imezimuliwa na maji yake ya kuongeza, baridi ilipokuja yakagandia kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi themostati imefunga, maji yanazunguka ndani kwa ndani bila kupita kwenye rejeta. Yanapata moto vizuri. Yakikaribia nyuzi 90 themostati inafunguka, kama ilivyofundishwa, lakini huko yanakoelekea kumeziba. Halafu dereva anaongeza mwendo akidhani upepo utapoza, na upepo ule ndio unaoendelea kuigandisha rejeta! Injini inachemka sentimita chache kutoka kwenye barafu.

Dawa yake si kumwagia maji ya moto, tafadhali. Zima, usifunguefungue kifuniko kikiwa na moto, gari lisogezwe mahali penye joto likae hadi liyeyuke. Kisha kagua kama kuna palipopasuka, maana maji yakiganda yanatanuka kwa asilimia 9 hivi, na hayaulizi kama ni bomba au ni chuma cha injini.

Najua kuna mtu anasema moyoni, basi mimi nitajaza kulanti tupu, nisiweke maji hata tone. Huyo namngoja kila mara! Glaikoli, ile dawa yenyewe iliyomo kwenye kulanti, ikiwa tupu inaganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Ukiichanganya nusu kwa nusu na maji, inafika nyuzi 37 chini ya sifuri ndipo igande. Mchanganyiko unashinda vyote viwili. Aliyejaza tupu amelipa zaidi ili agande mapema. Na kama umenunua iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, usiichanganye tena, soma chupa.

Muda unakwenda, haya mengine nayapitia mbiombio. Mshale haufiki katikati hata ukiendesha nusu saa, unapanda mlimani, unashuka mteremkoni: hapo sasa ndiyo, themostati, imekwama ikiwa wazi. Gusa mpira wa juu dakika ya kwanza. Ukianza kupata uvuguvugu mapema vile, umepata jibu. Isipokuwa una gari lenye injini ndogo ya dizeli, limesimama, na hita umeifungulia yote, hapo mshale kutofika katikati si ugonjwa. Injini ile haina joto la ziada la kugawa, iache.

Mshale unaruka ukiwasha taa? Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Unaruka juu na kurudi ghafla? Hewa imenaswa, au maji yamepungua. Asubuhi unacheza, mchana umetulia? Plagi ya sensa, ina unyevu au kutu, baridi ikiikaza mguso unakatika.

Na magari mengi ya siku hizi, mshale ukifika katikati unagandishwa pale kwa makusudi. Maji yawe nyuzi 80 au 105, wenyewe hautikisiki, kwa sababu wenye magari walikuwa wanalalamika ukicheza. Kwa hiyo ukiuona umeondoka katikati kuelekea juu, mambo yameshaharibika kitambo. Hili lilistahili saa nzima, lakini naona mwenyekiti anaangalia saa yake na mimi naangalia pembeni.

Feni sitaigusa leo. Mita naiacha hapa mezani. Mwenye sensa yake aje aitumbukize, kikombe bado kina moto.