Igizo la unyakuo na yule binti wa benchi la nyuma

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kaeni tu, sitawachosha, najua mmetoka mazoezini na jumapili ndo mnapanda jukwaani. Hili igizo la unyakuo, la siku za mwisho Bwana akirudi kuchukua walio wake, nalijua nje ndani maana nikiwa kidato cha tano hapahapa Tabora, kwenye kongamano la Pasaka, mi ndo nilikuwa shetani, shuka jekundu nyuma, mtu anatikisa tochi lionekane moto, spika imefunguliwa mpaka mwisho, na watu walilia kweli jamani, wakaitwa mbele wakaja wanakimbia, sisi tunahesabu vichwa tunasema Mungu katenda.

Kesho yake binti mmoja wa kidato cha kwanza akanifata chini ya mwembe, macho yamevimba hajalala, akaniuliza kaka, mama yangu alifariki mwaka jana na hakuwa ameokoka, yule uliyemburuta jana ndo mama? Sikuwa na jibu. Nikamwambia aombe, nikaondoka. Inaniuma mpaka leo.

Na si sisi wa kwanza. Mwaka 1321 kule Eisenach, Ujerumani, waliigiza wanawali kumi wa Mathayo 25, wale waliomngoja bwana arusi usiku na taa, watano wapumbavu hawakubeba mafuta ya akiba wakafungiwa nje, mtawala wao Friedrich kakaa anatazama, wale wapumbavu watano wanalia, Maria mwenyewe anawaombea, wapi, mlango haufunguki. Inasimuliwa mzee yule aliondoka kwa hasira, anauliza imani yetu ina maana gani basi, baada ya siku chache akapigwa kiharusi, hakupona tena mpaka anafariki 1323.

Sasa someni 1 Wathesalonike 4, hapohapo tunapotoa parapanda na mawingu. Wale watu walikuwa wamefiwa! Ndo maana Paulo akawaandikia, mstari wa 13 wasihuzunike kama wasio na matumaini, na wa 18 anamalizia, "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Yani maneno ya kufuta machozi ya msibani sisi tumeyafanya ya kutisha watoto.

Sisemi mfute hukumu, ipo, na mlango wa Mathayo 25 unafungwa kweli, uigizeni. Ila msiukimbilie. Washeni koroboi za kweli, zile za kopo, kila mtu hapa anajua utambi ukikaukiwa unavyonuka na kufuka moshi kabla haujazima, watu waone jioni nzima duka la mafuta liko wazi na mabinti wanapiga stori tu. Hapo ndo mtu anajiona. Na huyo aliyeweka mwaka wa kurudi Bwana kwenye mswada autoe, Mathayo 24:36 inatosha, siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba.

Halafu dada mmoja na kaka mmoja jumapili wasiigize kabisa, wakae benchi la nyuma na wale wadogo wa kidato cha kwanza, na igizo likiisha wasikimbilie kubeba spika, wabaki palepale mpaka wa mwisho atoke.