Yonge Street, Toronto: Treni Ikilala, Basi Linaamka

Shikamooni wazee wangu, na wadogo zangu mambo vipi! Leo niko Toronto, nje ya kituo cha treni cha Finch, na hii hapa nyuma yangu ndiyo Yonge Street. Wenyewe wanatamka "Yang". Namba za nyumba za mashariki na magharibi mwa mji zinaanzia kwenye barabara hii.

Miaka mingi kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitaja kuwa ndefu kuliko zote duniani, kilomita 1,896. Kumbe walikuwa wameiunganisha na barabara kuu namba 11 inayokwenda hadi mpakani na Marekani. Mwaka 1999 sifa hiyo ikaondolewa. Kwangu haijapungua kitu. Ilifyekwa msituni miaka ya 1790 kwa amri ya gavana Mwingereza, John Graves Simcoe, aliyehofia Wamarekani na kutaka njia ya askari kutoka Ziwa Ontario kwenda kaskazini.

Mwaka 1861 zikaja tramu za kukokotwa na farasi, halafu za umeme. Ila kinachonigusa mimi ni treni ya chini ya ardhi. Septemba 1949 waliifumua barabara katikati ya mji, wakalifunika shimo kwa magogo, tramu na magari yakawa yanapita juu huku mafundi wanachimba chini. Ninyi mliokula vumbi la Morogoro Road pale Dar es Salaam wakati wa ujenzi wa barabara ya mabasi ya mwendokasi mnanielewa! Tarehe 30 Machi 1954 treni ikaanza, Union hadi Eglinton, vituo 12, ya kwanza Kanada nzima. Hapa Finch ilifika 1974.

Sasa, treni nayo inalala. Ikifika kama saa 7:30 usiku vituo vinafungwa, na linalobaki kwenye Yonge ni basi namba 320. Hilo ndilo basi letu sisi wa zamu ya usiku, tunaosafisha maofisi. Vioo vimejaa ukungu, watu kimya. Kuna mama mmoja hulala na mfuko wa chakula mapajani, na kituo chake kikikaribia anaamka mwenyewe, hata haamshwi.

Na sikilizeni hili, dada zangu hasa. Kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri, ukiwa peke yako unaweza kumwomba dereva akushushe kati ya kituo na kituo. Mpango huu ulianza 1991 kwa ajili ya wanawake, baadaye ukawa wa kila mtu. Kwetu tumezoea "shusha hapo!", lakini huku basi halisimami ovyo.

Januari moja, theluji imefika magotini, nikamwambia dereva, "Naomba nishukie pale kwenye taa." Akasimama, akafungua mlango wa mbele. Nikavuka, nikatafuta funguo kwa vidole vilivyokufa ganzi. Nilipogeuka, basi lilikuwa bado limesimama pale pale. Nilipofungua mlango ndipo likaondoka.